Sauti Zilizokuwa Chini ya Diski

Mtu huyu alinifundisha kazi inayonilisha mpaka leo. Nikikaa mbele ya kompyuta mikono yangu inafanya kama yake: nafuta viganja kwanza, nasikiliza mashine inavyovuma, ndipo naigusa. Nimejaribu kuziacha tabia hizo nimeshindwa. Sifa zake ni nyingi na sitamnyima hata moja, lakini simwandiki kwa kumsifu. Namwandika kwa sababu nimechoka kutembea na mikono ya mtu aliyenisaliti.

Tulimwita Mtaalamu. Mkewe naye alimwita hivyo, mbele za watu na nyuma yao. Kituo chetu kilikuwa Bakoba, mtaa wa mji wa Bukoba, nyumba ya bati jekundu iliyozungukwa na migomba, na kilishughulika na watoto walioachwa na ugonjwa. Miaka hiyo hakuna aliyeuliza ugonjwa gani. Mimi nilikuwa chumba cha mwisho, chumba cha sauti. Mzazi aliyejiona anakwenda alikuja akakaa mbele ya maikrofoni, akasema na mwanawe, nasi tukayatunza maneno yake mpaka mtoto afikie umri wa kuyasikiliza. Kinywa cha kwanza kusema kilikuwa cha mzazi, sikio la kwanza kusikia lilikuwa langu, na mahali pa kuyatunzia palikuwa pa Mtaalamu.

Hakuwahi kusikiliza hata sauti moja. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba yeye anatunza, hasikilizi. Nilidhani ni heshima. Alikuwa fundi wa redio za jeshi wakati wa vita, akavuka mpaka na wenzake na kurudi bila baadhi yao, na nilijiambia kwamba mtu aliyekwisha kusikia mengi redioni ana haki ya kuziba masikio. Vita yenyewe aliisimulia kwa redio tu: ipi iliingia maji, ipi ilikufa betri, ipi ilikamata matangazo ya muziki wakati makamanda wanasubiri taarifa. Watu hawakuwamo kabisa katika masimulizi yake. Tulicheka, naye akatabasamu huku anatafuna kahawa yake.

Nisipoisema kahawa hiyo nitakuwa sijamchora. Alitembea na buni zilizopikwa na kukaushwa, zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, kama wazee wetu wote, ila yeye alizifanya ndio ulimi wake wa pili. Akikukaribia na kufungua jani, umesamehewa. Akitafuna peke yake huku anakutazama, ujue umeharibu kitu na bado hajakwambia. Mhasibu wetu alisema kwamba angeona afadhali atukanwe.

Sasa nieleze alivyotunza, maana hapo ndipo penye habari yote. Sauti hazikukaa ndani ya kompyuta. Zilikaa kwenye diski ya nje, sanduku dogo jeusi lililounganishwa kwa waya, na lilikuwa na swichi yake lenyewe. Diski ya namna ile huwezi kuiwasha tu ukaanza kuandika. Ni lazima kompyuta iambiwe kwamba diski imefika na ipewe mlango wa kuingilia, na mlango huo ni folda tupu. Kazi hiyo Mtaalamu aliiita kupachika. Kabla ya kuizima ni lazima kompyuta imalize kuandika, iagane na diski, ifunge mlango. Hiyo aliiita kupachua. Ukizima kabla ya kupachua, maneno ya mwisho yanaweza kupotea.

Umeme wa Bukoba wakati ule ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo Mtaalamu aliandika programu yake ndogo, ambayo aliipenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Ukiwasha diski, programu inaipachika yenyewe kwenye folda iliyoitwa Sauti. Watu wakikaa kimya kwa muda bila kuitumia, inaipachua yenyewe mpaka mtu aitumie tena, ili umeme ukikatika usikute mlango wazi. Wageni kutoka Mwanza waliletwa kuitazama. Alisimama pembeni mikono nyuma, anatafuna.

Programu ilisumbua, tena sana, na katika kusumbua kwake ndipo tulipomjua. Kuna siku ilikataa kupachua. Diski ilisema ina shughuli, na hakuna aliyekuwa akiigusa. Nilitaka kuchomoa waya. Alinishika mkono akaniambia maneno aliyoyarudia miaka yote tuliyokuwa pamoja.

"Kemi, usiulize imeharibika nini. Uliza nani yumo ndani. Na huwezi kumfungia mlango mtu aliyemo ndani."

Akaandika amri yake, ikamwonyesha kwamba mhasibu alikuwa amefungua faili moja kutoka kwenye ile diski, akaliacha wazi, akaenda kula. Wangekuwa wengine wangelifunga kwa nguvu. Mtaalamu alivaa koti, akatembea mpaka hotelini, akamkuta mhasibu na sahani ya ndizi na samaki, akamwomba arudi afunge faili lake kwa mkono wake mwenyewe. Mhasibu alirudi na vidole vyenye mchuzi, akafukuzwa akanawe. Kisa hicho tulikisimulia kila mwaka wa kituo, na Mtaalamu alifurahi kila mara kana kwamba hakijui.

Upole huo ulikuwa wa mashine. Kwa watu alikuwa mkali, na aliyekosea alikosea mbele ya wote. Aliamini kwamba kosa lisiposemwa hadharani linazaa. Mpishi aliyemwaga chai karibu na waya alikaripiwa hivyo hadharani, na hata Mama Mkurugenzi wetu, aliyeogopwa na kila mtu, alikaripiwa hivyo siku aliyozima kompyuta kwa kubonyeza kitufe kwa kidole cha mguu. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo. Nililelewa na watu wanaonong'ona, nikafika Bakoba nikakuta mtu anayesema.

Na alizika. Miaka hiyo kila mtu alizika, lakini yeye hakukosa. Akisikia kilio mtaani aliacha alichoshika. Kwetu msiba ukiingia kijijini jembe halishikwi mpaka marehemu awekwe kaburini. Utakwenda kulima kibanja chako wakati jirani yako yuko kitandani hajazikwa? Watasema wewe ndiye uliyemroga. Mtaalamu aliibeba desturi hiyo mpaka ofisini. Alisema diski ndiyo jembe lake. Kabla ya kwenda msibani aliizima, akaifunika tena kwa kitambaa chake cheupe kilichofumwa maua pembeni, kile kile kilichoikinga na vumbi siku zote. Taa yake ndogo ilikuwa chini ya kitambaa, kwa hiyo sisi wengine hatukujua kama inawaka au imezimwa. Tuliona kitambaa tu. Na desturi yenyewe tuliijua kama mtu anavyojua mazoea ya mzee wa nyumbani, bila kuuliza inaihusu vipi kazi yetu.

Dada yangu alikuwa Ijumbi, huko Muleba, na mtoto wake mmoja, Asimwe, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kuunganisha maneno. Baba wa mtoto alikwisha kutangulia. Dada alikataa kuja kurekodi, alisema kurekodi ni kujichimbia kaburi kwa mdomo. Halafu asubuhi moja akatokea kituoni bila taarifa, ameshuka basi, amevaa kitenge chake kizuri kimemzunguka mara nyingi kuliko zamani. Alisema ameamka na nguvu na hajui kama atazipata tena.

Siku hiyo kulikuwa na msiba nyuma tu ya kituo. Mtaalamu alikwisha kwenda na nusu ya wafanyakazi. Ningemwambia dada arudi siku nyingine, siku gani? Nilimkalisha, nikampa maji, nikafungua programu ya kurekodia. Kila kitu kiliitika kama kawaida. Alizungumza Kihaya, maana alisema kwa Kiswahili hawezi kumbembeleza mtoto, ataonekana anamsomea hotuba. Alizungumza mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza tukasikiliza pamoja, na aliposikia anavyokohoa katikati akacheka akasema angalau Asimwe atajua mama yake alikuwa na kifua cha trekta. Nikazima kompyuta, nikamsindikiza stendi nimemshika kiuno.

Kesho yake sauti haikuwepo. Nilitafuta folda nzima ya Sauti. Za wazazi wengine zilikuwepo, ya juzi ilikuwepo, ya dada hakuna. Mama Mkurugenzi akatuita sote, kama ilivyokuwa desturi ya Mtaalamu mwenyewe, kosa lisemwe mbele ya watu. Akamuuliza yeye kwanza. Mtaalamu alisimama, akaangalia sakafu, akasema kwa sauti ya chini:

"Asubuhi nimekuta diski imezimwa."

Basi. Macho yote yakanigeukia mimi, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuitumia. Mhasibu akauliza kama nilipachua kabla ya kuzima. Nilijaribu kukumbuka kama niligusa ile swichi chini ya kitambaa, nikaona uso wa dada tu, na ule mkono wake mwepesi begani kwangu. Nilisema nilisikia sauti kwa masikio yangu, tuliisikiliza sote wawili. Mtaalamu akaeleza, bila kunitazama, kwamba kompyuta inaweza kukuchezea kitu ambacho bado haijakiandika kwenye diski. Na ni kweli, inaweza. Nikaamini kwamba niliizima mimi. Wiki iliyofuata niliondolewa chumba cha sauti nikawekwa mapokezi.

Nilikwenda Ijumbi kumwambia dada. Nilimwomba tujaribu tena, nije na kinasa sauti cha kaseti hata cha kuazima. Koo lake lilikwisha kujaa vidonda, alikuwa ananong'ona na kunong'ona kwenyewe kunamuuma.

"Ulikuwa na haraka gani, Kemi?"

Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. Alikufa kabla ya mvua, akiwa anaamini kwamba mdogo wake alimpotezea sauti kwa kukimbilia kufunga ofisi. Asimwe alichukuliwa na ndugu wa baba yake waliokuwa wanafanya kazi Morogoro, wakamlea vizuri. Katika hilo sina lawama.

Yaliyofuata ndiyo yanayonichoma nikiyakumbuka, kwa sababu yalikuwa mema. Mtaalamu alikuja mapokezi akafungua jani lake la kahawa. Nililia nilipoiona. Akaanza kunifundisha. Kila saa ya mapumziko alinikalisha mbele ya ile mashine akanieleza mambo ambayo hakuwa amemweleza mtu: jinsi ya kujua diski inayokataa kupachikwa, jinsi ya kusoma kile kompyuta inacholalamika, kwa nini programu wakati mwingine inapachua mapema kuliko inavyotakiwa. Mama Mkurugenzi akasema ni ajabu mzee amempenda mtu aliyemharibia. Nami niliona nimepata baba. Miaka michache baadaye nilikuwa naweza kuisimamia mashine ile peke yangu, na barua ya sifa iliyonipatia kazi sekondari moja huko Muleba aliiandika yeye.

Tena kuna jambo dogo. Siku chache baada ya kile kikao alirekebisha programu yake. Tangu hapo diski ikiwa imezimwa, folda ya Sauti haikufunguka kabisa kwa mtu yeyote isipokuwa yeye. Ukijaribu kurekodi, mashine inakataa na kusema huna ruhusa. Tulimsifu. Tulisema mzee amejifunza kutokana na kosa la Kemi.

Kituo kilifungwa wafadhili walipokwenda kwenye mambo mengine. Vifaa vikagawanywa, na ile kompyuta ya zamani ikaletwa shuleni kwangu. Diski ya nje haikuja nayo, ilikwisha kufa siku nyingi, na sauti zilizokuwamo zilikwisha kunakiliwa na kukabidhiwa familia. Niliiwasha nione kama inafaa kwa wanafunzi kujifunzia kuchapa. Ikalalamika kwamba imejaa. Imejaa nini, wakati haina kitu? Nikafanya alivyonifundisha, nikauliza nani yumo ndani. Nikaingia kwa ruhusa ya msimamizi, nikafuata lalamiko lake mpaka mwisho, nikajikuta kwenye folda ya Sauti, ile tupu, mlango wenyewe bila diski.

Haikuwa tupu. Nyumba za bibi zetu zilitandikwa nyasi sakafuni, na mtu akiangusha pete, nyasi mpya zikaletwa juu yake, pete iko pale pale lakini hakuna anayeiona. Ndivyo ilivyokuwa. Diski ikiwa imezimwa, folda ile ilipokea kila kilichoandikwa na kukiweka ndani ya kompyuta yenyewe. Asubuhi diski ikiwashwa, inapachikwa juu yake na kukifunika. Zilikuwa sauti kadhaa, ambazo wakati ule hakuna aliyezitafuta kwa kuwa watoto walikuwa bado wadogo, na nilipotazama siku zake nilizitambua moja moja, kwa sababu wengine wetu tulizihesabu siku zile kwa makaburi. Zote zilikuwa siku za misiba, siku alizoizima diski yeye mwenyewe. Ya dada ilikuwa ya mwisho. Baada yake folda ilifungwa.

Nilikaa pale mpaka kengele ya mchana. Sikuhitaji mtu anieleze. Huwezi kuifunga folda ile bila kuifungua wakati diski imezimwa, na huwezi kuifungua usione kilichomo. Aliziona. Dada yangu alikuwa bado hai, siku chache tu baada ya kile kikao, na sauti yake ilikuwa mbele ya macho yake, nzima. Akaweka kufuli, akaja mapokezi kunipa kahawa.

Zile za wengine nimezipeleka kwa niliowapata. Ya dada nilimtumia Asimwe kwa simu. Sasa ni mwanamke mzima, muuguzi, ana kicheko cha mama yake bila kujua amekitoa wapi. Nilisubiri siku nzima. Jioni akapiga, analia, anavuta pumzi kama mtoto.

"Mama mdogo, anasema nini?"

Amelelewa Morogoro. Kihaya chake ni jina lake tu. Alikuwa ameisikiliza mara nyingi akabembelezwa na sauti asiyoielewa. Ikabidi nimtafsirie sentensi baada ya sentensi, mimi niliyeambiwa nina haraka, na kuna mahali sikuweza, nikamwambia hapo mama anakohoa.

Ndipo nikaenda Rubafu alikostaafu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapogoa migomba, amekonda, ila koti ni lile lile. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, na hilo lilinikera kuliko kama angekimbia. Tuliketi barazani. Akafungua jani la kahawa akanisogezea, nami sikuchukua. Nilimwambia ile kompyuta iliishia shuleni kwangu. Aliliangalia jani lake, akalifunga polepole.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba angesema, wangeuliza na za siku nyingine, na zote zilikuwa juu yake, na watu wasingemwamini tena na sauti za watu wao. Nikamwambia angeweza kuirudisha ya dada kimya kimya, hakuna ambaye angejua.

"Ingerudi," alisema, "wangeuliza ilikuwa wapi."

Kisha akasema kwamba alinifundisha kazi yote, hakubakiza. Nilimwambia alibakiza kuinua diski na kutazama chini yake.

Nikatoa simu, nikaiweka mezani kati yetu. Alipoona ninachofanya alisema, kwa ile sauti ya ofisini, kwamba yeye anatunza tu, hasikilizi. Nilibonyeza. Dada akaanza. Kihaya cha Ijumbi, taratibu, kwa mtoto ambaye hatakielewa, na mzee huyu mbele yangu alielewa kila neno. Alielewa habari za kuosha nywele kwa majivu bila kuyaingiza machoni, na za shangazi wa kumwogopa na mjomba wa kumkimbilia. Alielewa kicheko. Taya lake lilikuwa limesimama. Kisha pakafika mahali ambapo sikuweza kumtafsiria Asimwe, dada anaposema, omwana wange, usiogope kwamba nitapotea, mama yako mdogo anasema kuna mzee hapa mwaminifu anatunza, na kwake hakuna kinachopotea.

Mtaalamu alinyoosha mkono kuelekea kwenye simu. Akaniomba nizime. Nikausogeza mkono wake pembeni, bila nguvu, kama alivyowahi kuushika wangu.

"Hatuwezi kuzima," nikamwambia. "Bado kuna mtu ndani."